Kosa la Kiingereza usiloliona hata ukilisoma mara tatu

Swali: Mwalimu, shikamoo. Najiandaa na usaili wa maandishi wenye sehemu ya kusahihisha sentensi za Kiingereza. Kanuni za sarufi nimezisoma, na nikiulizwa nazieleza vizuri tu. Shida ni kwamba nikiletewa sentensi yenye kosa naiona iko sawa kabisa. Ninachoandika mwenyewe ndiyo balaa zaidi: nakipitia mara mbili, mara tatu, sioni kitu, halafu bosi anashika kalamu nyekundu na kuijaza karatasi. Kipande cha barua yangu moja ni hiki:

“I am writing to request for an information about the course. Me and my colleague has applied since two months ago but up to now we did not receive any reply. One of the officer told us that the list of successful applicants are ready. We will be grateful if you can tell us when will it be published. We are looking forward to hear from you.”

Nifanye nini ili makosa niyaone mimi kwanza?

Jibu: Marahaba. Jambo la kwanza nililoliona kwenye barua yako ni kwamba inaeleweka kuanzia mwanzo hadi mwisho. Aliyeandikiwa atajua mliomba lini, mmeambiwa nini na mnasubiri nini. Na hilo ndilo linalokufichia makosa. Sentensi ikishaeleweka, akili huchukua maana yake ikaenda zake. Haioni haja ya kurudi kutafuta herufi “s” iliyosahaulika. Anayesoma maandishi yake mwenyewe yuko pabaya zaidi, maana anajua tayari alichotaka kusema. Kupitia barua mara tatu kwa namna hiyo ni kuisoma maana ileile mara tatu.

Kwa hiyo unapotafuta kosa, acha kusoma, anza kukagua. Msomaji anauliza sentensi inasema nini. Mkaguzi anashika neno moja, analiuliza swali moja, akishapata jibu anahamia kwa linalofuata. Kazi hii ni ya polepole, inachosha, na wala haina raha. Ila maswali yenyewe si mengi. Kwa barua za ofisini na mitihani ya kawaida, haya matatu yatakukamatia sehemu kubwa: kitenzi hiki ni cha nani? Jambo hili ni la lini? Neno hili linataka kufuatwa na nini?

Kabla ya hapo, jipime. Mwaka 1967 mwanaisimu S. Pit Corder alitoa hoja ambayo walimu wa lugha wanaitumia mpaka leo: kuna kuteleza na kuna kukosea. Aliyeteleza kanuni anaijua, ila wakati ule haikumjia. Aliyekosea hana kanuni hiyo, au anayo nyingine mahali pake. Mwombe mtu apige mstari chini ya sehemu zenye makosa bila kukueleza kosa ni lipi. Yale utakayoyarekebisha papo hapo uliteleza, na dawa yake ni ukaguzi. Yale utakayoyakodolea macho bila kuona kitu ndiyo ya kwenda kusoma. Ukichanganya makundi haya mawili utajikuta unarudia kitabu kizima cha sarufi kwa sababu ya mambo ambayo tayari unayajua.

Sasa twende kwenye barua, na nianze na kosa ninalolipenda kuliko yote: “the list of successful applicants are ready”. Ukiulizwa “the list is” au “the list are”, hutakosea hata ukiamshwa usingizini. Kilichokuponza ni “applicants”. Neno hilo liko katika wingi na limekaa ubavuni mwa kitenzi, basi kitenzi kikalifuata jirani badala ya kumfuata mwenyewe. Wazungumzaji wa Kiingereza tangu kuzaliwa nao wananaswa hapa. Mwaka 1991 wanasaikolojia Kathryn Bock na Carol Miller walichapisha majaribio yaliyoonyesha jinsi nomino ya wingi iliyoingia katikati inavyowavuta watu wazima kutumia kitenzi cha wingi. Watunga mitihani wanaujua mtego huu vizuri sana. Ukikutana na sentensi yenye maneno mengi kati ya mwanzo wake na kitenzi, jua kuna mtu ameyaweka pale makusudi.

Namna ya kuutegua ni kufunika kwa kidole. Tafuta kitenzi, rudi nyuma, funika kila kirai kinachoanza na kihusishi: “of successful applicants”, “in the boxes”, “with long histories”. Mwenye kitenzi hakai ndani ya kirai cha namna hiyo. Kinachobaki ni “the list … ready”, na jibu linajitoa lenyewe. Funika vivyo hivyo vinavyoanza na “together with”, “as well as” na “along with”. “The manager, together with her assistants, is travelling” ni sahihi, hata kama wanaosafiri ni watu sita. “And” ndiyo inayojumlisha. Hivyo vingine vinaandamana tu.

Kuna mahali pawili pa kuangalia zaidi. “A number of people have complained” inachukua wingi, kwa kuwa “a number of” hapo ni sawa na kusema watu kadhaa. “The number of people has increased” inachukua umoja, kwa kuwa kilichoongezeka ni idadi. Pa pili ni pale ulipoandika “One of the officer”. Baada ya “one of the” nomino huwa katika wingi sikuzote, kwa sababu unamtoa mmoja ndani ya kundi: “one of the officers”. Kisha kitenzi kinamfuata yule mmoja: “One of the officers is here”. Lakini angalia hii: “She is one of the officers who work at night”. Hapa ni “work”, bila “s”, maana “who” inarejea kwa maofisa wote wa usiku, naye ni mmoja wao. Ukiielewa sentensi hiyo moja, umevuka mtego unaowaangusha hata wanaojiamini.

“Me and my colleague has applied” ina makosa mawili yaliyobebana. Watu wawili wanataka “have”. Hilo ni la kuteleza. “Me” mahali pa kiima ni la pili, na kipimo chake ni rahisi: mwondoe mwenzako. “Me applied” haisemeki, basi ni “I”. Halafu katika Kiingereza cha heshima mwenzako anatangulia: “My colleague and I”. Kipimo hichohicho kitakuzuia usiangukie upande wa pili, ambako watu wameogopeshwa “me” mpaka wanaandika “between you and I” na “She invited my colleague and I”. Mwondoe mwenzako: “She invited I”? Hapana. Ni “She invited my colleague and me”, tena ni Kiingereza safi kisicho na haja ya kuomba radhi.

Swali la pili, la wakati, ndilo pagumu, na nadhani ndipo ulipo na kosa hasa, si kuteleza. Uliandika “has applied since two months ago”. Kiswahili kinairuhusu “-me-” ikae na wakati uliokwisha: “amefika jana” inasemwa kila siku na hakuna anayeshtuka. Kiingereza kinakataa. Ukitumia “have” au “has” pamoja na kitenzi cha aina ya “applied”, umesema kwamba jambo lina uhusiano na sasa, na hapo huwezi kulifungia kwenye tarehe iliyopita. “Yesterday”, “last year”, “in 2019”, “two months ago”: kila unapoona neno la namna hii, “have” iondoke. “We applied two months ago”. Kinyume chake, “up to now” inasema dirisha bado liko wazi, mnaendelea kusubiri, basi “we did not receive” haitoshi. Inatakiwa “we have not received”. Kwa maneno mengine, katika sentensi moja uliziweka nyakati mbili, kila moja mahali pa mwenzake.

“Since” nayo ina lake. “Tangu” yetu inabeba vyote, tangu Januari na tangu miezi miwili. Kiingereza kimegawa: “since” inataka mahali jambo lilipoanzia, kama “since January” au “since we applied”, “for” inataka urefu, kama “for two months”. “Ago” inahesabu kurudi nyuma kutoka leo na inaenda na wakati uliopita wa kawaida. Ukikuta “since” na “ago” zimekaa pamoja, moja imeingia bila mwaliko.

Kisha ukaandika “tell us when will it be published”. Swali likimezwa ndani ya sentensi nyingine, linapoteza mpangilio wake wa swali: “When will it be published?” inakuwa “tell us when it will be published”. Vivyo hivyo “He asked me where was I going” inakuwa “where I was going”. Hapa niongeze jambo, kwa sababu najua utasoma mahali fulani kwamba baada ya “when” hakuna “will”. Kanuni hiyo ni ya kweli, ila ni ya “when” nyingine. “I will call you when the list is published” inaeleza nitapiga simu wakati gani, na hapo “will be published” ni kosa, ingawa Kiswahili kinasema “itakapotangazwa” na kuiweka “-ta-” waziwazi. “Tell me when the list will be published” ni swali lililomezwa, na hapo “will” ni halali. Ukitaka kuzitofautisha, jaribu kuweka “at what time” mahali pa “when”. Ikikubali, ni swali, iache “will”. Ikikataa, iondoe.

“We will be grateful if you can tell us” siihesabu kuwa kosa. Ni sarufi halali, ila barua ya kuomba inapendeza zaidi ikisema “We would be grateful if you could”. Bosi wako akipiga mstari mwekundu hapo, anakurekebishia adabu.

Swali la tatu, neno linataka kufuatwa na nini, linahusu “request for”, “an information” na “forward to hear”. Watu huambiwa wakariri orodha ya vitenzi visivyotaka kihusishi, na orodha ina tabia ya kusahaulika. Afadhali ujue kosa linatoka wapi. Kiingereza kina “a request for help”, “a discussion about money”, “an emphasis on safety”. Hizo ni nomino, na nomino zinahitaji kihusishi. Vitenzi vinavyofanana nazo vinamshika mtendwa moja kwa moja: “request help”, “discuss money”, “emphasise safety”. Anayeandika “discuss about” amemvalisha kitenzi nguo za nomino. Ukiona kitenzi chenye pacha wa nomino, jiulize kihusishi kile ni cha nani.

“Looking forward to hear” inakoseshwa na “to”, ambayo Kiingereza inaifanyisha kazi mbili. Kuna “to” ya kitenzi, kama “want to hear”, na kuna “to” ambayo ni kihusishi, na kihusishi hakifuatwi na kitenzi kitupu. Kinataka nomino au umbo lenye “-ing”. Weka “it” baada ya “to” uone. “I look forward to it” inasimama, basi ni kihusishi: “looking forward to hearing”. “I want to it” haisimami, basi ni “want to hear”. Jaribu kwa “I am used to”, “I object to”, “committed to”. Zote zinakubali “it”, kwa hiyo “I am used to working at night” ndiyo sahihi. Huhitaji kukariri.

“An information” inatokana na kuhesabu kisichohesabika. Kiingereza hakihesabu “information”, “advice”, “furniture”, “equipment”, “luggage”, “homework” wala “news”, hata kama kwetu vifaa na mizigo vina wingi wake wa kutosha. “Equipments” na “luggages” ni tafsiri ya “vi-” na “mi-”. “News” ina “s” lakini ni umoja: “The news is good”. Upande mwingine kuna vitu ambavyo kwetu ni kimoja na Kiingereza kinavisema kwa wingi: suruali moja ni “trousers”, mkasi mmoja ni “scissors”, na “a trouser” haitumiki kwa vazi katika Kiingereza cha kawaida. Nywele ndizo kinyume: kwetu ni nyingi, kwao “My hair is short”.

Barua ikishapita mikononi mwa maswali hayo inakuwa hivi:

“I am writing to request information about the course. My colleague and I applied two months ago but we have not received any reply. One of the officers told us that the list of successful applicants is ready. We would be grateful if you could tell us when it will be published. We look forward to hearing from you.”

Yako mengine ambayo hayakuwa kwenye barua hii lakini nina hakika yapo kwenye nyingine, kwa sababu yanatoka ndani ya Kiswahili chenyewe. Kitenzi chetu hubeba kiima na mara nyingi hubeba na mtendwa. “Kaka yangu anafanya kazi” ina “a-” inayomrudia kaka, ndipo mtu anaandika “My brother he works”. “Kitabu nilichokinunua” ina “-ki-” ndani yake, ndipo inatoka “The book which I bought it”. Katika Kiingereza mtu akishatajwa, ametajwa. “He” na “it” hizo zinaondoka. “Ni” yetu haibadiliki, mtoto ni mgonjwa, watoto ni wagonjwa, kwa hiyo mkono hauna mazoea ya kuchagua kati ya “is” na “are”. “Yeye” haina jinsia, basi “he” na “she” zinachanganyika, hasa katika maelezo marefu ambapo mwanamke anaanza “she” na kumaliza “he”. Hilo likague peke yake: pitia kila “he” na kila “she”, uliza ni nani. “Ingawa” yetu inavumilia “lakini” katika sentensi moja. Kiingereza kinachagua moja, “although” au “but”.

Vile vineno “a”, “an” na “the” vinastahili makala yao. Kwa ukaguzi wa haraka, shika hili: nomino ya umoja inayohesabika haitembei peke yake. Lazima iwe na kitu mbele yake, “a”, “the”, “my”, “this”, “each”, chochote. “He is engineer” inakosa. “She sent me letter” inakosa. Pitia nomino zako za umoja moja moja ukitafuta iliyo uchi. Ukaguzi huo hautakuambia lini ni “a” na lini ni “the”, ila utakukamatia upungufu ambao jicho la Mswahili halioni kabisa, kwa sababu kwetu hakuna kilichopungua.

Katika mtihani kuna aina nyingine za sentensi ambazo hutaziona sana ofisini. Moja ni ile inayoanza na kitendo kisicho na mwenyewe: “Having read the report, the decision was changed”. Nani alisoma ripoti? Kwa sarufi ya sentensi hiyo, uamuzi ndio uliosoma. Kila ukiona “Having …” au “Walking …” mwanzoni, ruka mpaka baada ya alama ya mkato ukatazame nomino ya kwanza. Yeye ndiye anayedaiwa kitendo. “Having read the report, the director changed her decision.” Nyingine ni orodha isiyolingana: “She likes reading, writing and to swim”. Nyingine ni ulinganishi wa vitu visivyolingana: “The climate of the coast is warmer than the mountains”, ambapo hali ya hewa imelinganishwa na milima yenyewe, inatakiwa “than that of the mountains”. Na iko sentensi mbili kamili zilizounganishwa kwa mkato tu, “The rain was heavy, we stayed inside”. Kiswahili kinaisamehe, Kiingereza rasmi hakiisamehe: weka nukta, au nukta mkato, au “so”.

“Did not went” na wenzake nazigusa kwa sentensi moja: “did” imeshabeba wakati uliopita, kitenzi kinachofuata kinabaki kitupu.

Sasa makosa mabaya kuliko yote, na hayo hakuna kanuni itakayokukamatia. Ni sentensi iliyo sahihi kabisa inayosema kitu kingine. “I worked there for ten years” ni sahihi. “I have worked there for ten years” ni sahihi. Ya kwanza inasema umeshaondoka, ya pili inasema bado upo. Ukikosea hapo kwenye barua ya kuomba kazi, msomaji hataona kosa lolote. Ataamini tu kwamba huna kazi. “He stopped to talk to me” alisimama ili tuongee. “He stopped talking to me” ameninunia. “I have few friends” ni malalamiko, “I have a few friends” ni shukrani. “She has gone to London” bado yuko huko, “She has been to London” alishaenda akarudi. Programu za kusahihisha maandishi zinajikwaa papo hapo. Zinaweza kukuambia sentensi inakubalika. Hazijui kama bado uko kazini. Zitumie, hasa kwa tahajia na kwa “is” na “are”, lakini kila zinapopendekeza badiliko jiulize kama bado sentensi inasema ulichokusudia. Za tahajia peke yake zitapitisha “form” mahali pa “from” bila kupepesa, kwa kuwa yote mawili ni maneno.

Kwa mazoezi, usianze na vitabu vya maswali. Chukua barua zako za zamani zenye wekundu wa bosi. Katika daftari andika sentensi mbovu, chini yake iliyosahihishwa, na pembeni sababu kwa maneno machache ya kwako. Baada ya kurasa chache utagundua huna makosa mia. Una machache yanayorudi yakibadilisha nguo. Hayo ndiyo maswali yako ya ukaguzi, na yanakuhusu kuliko yangu. Halafu kagua kwa swali moja kila mzunguko: mzunguko wa vitenzi na wenyewe, mzunguko wa nyakati, mzunguko wa nomino. Anza na sentensi ya mwisho ukipanda juu, ili hadithi isikubebe. Kama muda upo, iache barua ilale usiku mmoja. Isome kwa sauti pia, ila kwa tahadhari: sauti husaidia kukamata neno lililorudiwa au lililorukwa, na haisaidii kitu pale ambapo sikio lako limeshazoea “discuss about”.

Kitu kimoja zaidi, maana ukianza kuwinda makosa utawinda na yasiyo makosa. Kumaliza sentensi kwa kihusishi, kama “the person I spoke to”, ni Kiingereza halali. John Dryden alilalamikia mtindo huo mwaka 1672, shule zikaupokea ulalamishi wake kama sheria, ilhali Robert Lowth, mwanasarufi aliyeheshimika, mwaka 1762 alikiri kwamba lugha yao ina mwelekeo huo hasa, ingawa yeye mwenyewe aliona uandishi wa heshima unapendeza zaidi bila huo. “They” kwa mtu mmoja asiyejulikana jinsia, kama “Someone left their bag”, inapatikana katika maandishi ya Kiingereza tangu karne ya 14, na mwaka 2019 Chama cha Wanasaikolojia wa Marekani kiliipitisha rasmi katika mwongozo wake wa uandishi. “The committee have decided” inakubalika Uingereza. Marekani watataka “has”. “I just ate” ni ya kawaida Marekani, na Uingereza wengi watasema “I have just eaten”. “None of them are” na “None of them is” zote zinapita.

Kwenye mtihani wa kuchagua, sentensi ya namna hii ikikujia, usikimbilie kuitia alama kwa sababu mwalimu fulani aliikataza. Kagua kwanza sehemu nyingine zilizopigiwa mstari. Mtunga mtihani makini anataka jibu lisilo na ubishi, kwa hiyo kama kihusishi cha mwisho ndicho pekee unachokitilia shaka, rudi ukafunike maneno kwa kidole: yawezekana kuna kitenzi kimemfuata jirani na umekipita. Usipokipata, na chaguo la “No error” lipo, lichague.